Wanawake Kumi na Saba wa Daftari la Chausiku

Chausiku aliisoma ile barua ya chuo kikuu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaisoma tena. Haikubadilika. Ilisema kwamba mtu yeyote anayetaka kulitazama daftari lile aandike maombi, aeleze sababu zake, kisha asubiri siku kumi na tano za kazi. Na daftari lenyewe aliliandika yeye Chausiku, kwa mkono wake, kwa miaka kumi na minne.

"Yaani niombe," alisema. "Niombe ruhusa ya kusoma mwandiko wangu!"

Kwenye stuli ya plastiki, katikati ya maboksi ya kago yaliyojaa chumba cha Chausiku katika jengo la Tianxiu, alikaa Nahla, binti wa Kizanzibari wa miaka ishirini na moja. Alikuwa amekuja Guangzhou na mjomba wake kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa alikuwa anapanda ndege. Shida yake ilikuwa moja tu: aonyeshwe kaburi la mama yake, aliyefia huku alipokuwa yeye na miaka tisa.

"Sitaki kingine, Bi Chausiku," alisema. "Nikae naye kidogo, nimsomee Yasini, basi."

Lilikuwa ombi dogo, na ndilo lililozidi kumpandisha Chausiku mori. Marehemu alimjua, ila namba ya kaburi lake hakuikumbuka. Makaburi ya Waislamu nje ya mji yana mawe yanayofanana, kila moja na namba yake. Asubuhi walikwenda pamoja kwenye ofisi ya makaburi, na karani akapekua kitabu akatikisa kichwa: "Meiyou." Hakuna. Majina ya wageni yaliandikwa kwa herufi za Kichina, kila mwandishi kwa alivyosikia, na leo hata mwenye jina angefufuka asingejitambua. Safu na namba ya kila mmoja vilikuwa sehemu moja tu duniani: ndani ya daftari la Chausiku.

Daftari lile lilizaliwa kwa aibu. Wafanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei wana tabia ya kuitana kwa bidhaa. Anayenunua vioo ni Mama Vioo, wa vitasa ni Baba Vitasa, na mnaweza kula sahani moja miaka mitano bila kujuana majina ya kwenye pasipoti. Sasa akafariki Mama Vitenge. Chausiku aliingia kumwosha pamoja na wanawake wa Kichina wa msikitini, na mmoja wao alipouliza marehemu anaitwa nani, Waswahili wote waliokuwa pale uani wakatazamana. Watu ishirini, na hakuna aliyejua! Chausiku alimwosha huku analia kwa hasira. Kesho yake alinunua daftari la jalada gumu, akahangaika siku tatu mpaka akalipata jina: Fathiya. Akaliandika mstari wa kwanza.

Tangu hapo kila mwanamke wa kwao aliyefia Guangzhou alioshwa na Chausiku kisha akaandikwa: jina, jina la mama yake, kwao, tarehe, safu, namba ya kaburi. Mwisho wa kila mstari aliacha nafasi ndefu, juu yake akaandika Aliyekuja Kuzuru. Muosha huoshwa, alikuwa akisema, na siku yangu mtaniandika humu humu. Walifika kumi na saba. Nafasi zile za mwisho zilikuwa tupu zote.

Ndipo akaja Elinami. Kijana wa Kipare, mpole, mwanafunzi wa uzamivu wa historia katika chuo kikuu cha hapo hapo Guangzhou. Alikula pilau nyumbani kwa Chausiku Ijumaa nane mfululizo, akimsimulia habari za Wayahudi wa kwanza waliohamia Kanada enzi za ukoloni. Kule, alisema, vitabu vya vizazi, ndoa na vifo vilivyotambuliwa kisheria vilikuwa vya makanisa. Wayahudi waliandika maombi serikalini mpaka, karibu miaka mia mbili iliyopita, sheria ikawaruhusu kuwa na daftari lao wenyewe, na mwaka 1832 nyingine ikawapa haki sawa na wenzao. "Unaona, Mama? Haki yao moja ya mwanzo ni daftari la majina. Kama lako!"

Chausiku alifurahi jamani. Akampa daftari alinakili, akatia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza aliyoletewa, akidhani ni ya kuthibitisha kwamba kitu kimepokelewa. Hakulipiga hata picha. Alilelewa kwamba ukimwekesha mtu amana humpigi picha, maana utakuwa umeshamwita mwizi.

Kumbe karatasi ile ilikuwa ya kulikabidhi chuo: miezi kumi baadaye daftari lilikuwa stoo yao, limepewa namba, na lenyewe likawa la kuombwa.

Mchana wa Jumatano ile Elinami alikuwa anatoa mhadhara chuoni. Chausiku alimshika Nahla mkono, wakapanda metro. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, nusu yao wa Afrika Mashariki. Walipoingia, Elinami alikuwa anazungumza Kiingereza juu ya wale Wayahudi na kitabu chao, na ukutani nyuma yake ulikuwa ukurasa mkubwa. Chausiku aliutambua mwandiko wake. Lakini kila palipokuwa na jina au namba ya kaburi pamepakwa weusi, na pembeni pamechapwa: Mwanamke 1. Mwanamke 2. Mwanamke 3.

Hakungoja maswali.

"Elinami!"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Hao Wayahudi wako walihangaikia nini? Namba?"

"Mama Chausiku, shikamoo," alisema Elinami. "Mama, si mimi. Ni kanuni za utafiti. Majina ya watu tunayaficha ili kuwalinda."

"Kuwalinda na nani? Wameshakufa! Mimi nimewaosha kwa mikono hii, nimewakafini, nimewatafutia majina ofisi kwa ofisi ili wasizikwe kama maboksi yasiyo na mwenyewe. Wewe umekula pilau yangu, ukaenda kuwafuta!"

Profesa aliyekaa mbele aliuliza kunani. Chausiku alikwishapanda jukwaani, akaanza kugonga ukuta kwa kidole, mstari baada ya mstari. "Huyu Fathiya, wa Tandika. Huyu Bi Mwanaidi, wa Tanga. Huyu alikufa na mimba." Alikwenda hivyo hivyo, hakukosea hata mmoja, mpaka mstari wa kumi na moja. "Na huyu ni Shamsia binti Mbarak, wa Malindi, Unguja. Jina lake ninalo, hilo huwezi kunifutia. Kaburi lake ndilo silikumbuki. Na mwanawe yule pale, amesimama mlangoni."

Elinami alimtazama Nahla, akamtazama profesa wake, kisha akainamia kompyuta. Kwenye mstari wa kumi na moja, huo peke yake, weusi ukaondoka.

Safu ya sita, kaburi la kumi na nne.

Nahla aliiandika namba hiyo kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino.

"Sasa lete daftari langu," alisema Chausiku.

"Mama, liko stoo, na utaratibu..."

"Nakaa hapa."

Akakaa kwenye ngazi za jukwaa, mkoba mapajani, na watu wakatoka wakimpita. Ilipofika saa kumi na moja jioni Elinami alilileta ndani ya bahasha yenye namba. Chausiku aliichana bahasha mbele yake.

"Mama, umenisamehe?"

"Bado," alisema, akaondoka.

Alhamisi asubuhi walikuwa makaburini. Nahla alimsomea mama yake Yasini, akalia, akakaa. Chausiku alimpisha mpaka alipomaliza, kisha akafungua daftari mstari wa kumi na moja. Kwenye ile nafasi ndefu ya mwisho akaandika: Nahla, mwanawe. Akatia tarehe.

Wino ulipokauka alipitisha kidole juu ya nafasi nyingine zilizokuwa bado tupu. Zilikuwa kumi na sita.