Wakonyo na Vidonge vya Presha

Wakonyo wa Ndalu hakukosa kumeza kidonge chake cha presha hata asubuhi moja. Ndipo kanisa lao likatangaza Jumapili ya uponyaji: kila mgonjwa alete dawa zake madhabahuni na aziache hapo. Wanakwaya, ambao Wakonyo aliwaongoza miaka kumi na tisa, waliweka zao. Yeye alibaki amekaa.

"Mama Kim, si ulete zako," mchungaji akamwita Wakonyo kwa jina la mwanawe. "Ama imani imekuishia?"

"Imani niko nayo, pasta. Lakini moyo wangu unasukuma damu mpaka kwa vidole vya miguu, inarudi, unaisukuma tena. Mishipa yangu imekaza, kwa hivyo unasukuma kwa nguvu sana. Nikiacha dawa utachoka, ama mshipa upasuke kichwani. Si ni Mungu alinipa huu moyo niutunze?"

"Ati sasa wewe ni daktari," mwimbaji mmoja akamcheka.

"Mimi ndiye mwenye moyo," Wakonyo akajibu, akafunga mkoba wake.

Alifanya vyema, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo. Wiki iliyofuata kwaya ilipewa kiongozi mwingine, na Wakonyo hajaimba tena katika kanisa hilo.