Salamu Niliyoiandikia Kompyuta

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, baba alifariki nami nikaacha shule nikachunge ng'ombe wa watu. Sijawahi kuogopa kitu, sembuse kompyuta. Binti yangu Tumaini aliniwekea kivinjari kisichotaka mausi. Kila herufi ni amri: moja inashusha ukurasa, nyingine inarudisha ulioufunga.

"Baba, ukitaka kuandika, bonyeza kwanza herufi i."

"Mwanangu, usinifundishe."

Juzi mnunuzi wa parachichi alinifuata ofisini kwangu Makambako. Nilishamwapia kwamba baridi haijagusa shamba langu la Kichiwa. Nikakaa kumtafutia bei za sokoni, aone mzee wa kisasa. Sisi Wabena hatuombi kitu bila salamu, basi nikaiandikia mashine "kamwene", bila ile i. Kurasa zikarukaruka, na ule nilioufunga asubuhi ukarudi kioo kizima. Mnunuzi akasoma kwa sauti swali nililowatumia wakulima wenzangu:

"Baridi imeunguza parachichi zangu zote Kichiwa. Nimuuzie nani asiyejua?"

Akavaa kofia. "Kamwene, mzee."

Leo nina nyumba Makambako, lori, ng'ombe, na parachichi nyeusi ambazo haziuliziwi na mtu.