Hadi Saa Mbili

Wanafunzi walimwita Mama Saa Mbili, na si kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa nyuma ya kaunta ya Akiba, ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo kikuu, na kila aliyefika pale alipewa maneno yale yale: "Kitambulisho hapa, kitabu hicho, saa mbili, na hutoki nacho mlangoni." Ukijitia kuomba dakika kumi za nyongeza, alikutazama juu ya miwani mpaka ukajutia kuzaliwa.

Akiba, kwa asiyejua, ni rafu ya vitabu vya shida. Mwalimu ana wanafunzi mia na hamsini, kitabu kipo kimoja. Basi anakileta kaunta, anajaza fomu: jina la somo, jina la kitabu, muda wa kuazimwa, sahihi. Kuanzia hapo kitabu hakirudi kwenye rafu za kawaida, ambako mjanja mmoja angekikalia muhula mzima. Kinakaa nyuma ya mgongo wa Mama Saa Mbili, na huko hata panya alihitaji kitambulisho.

Alikuwa mkali wa vitabu, na wa lugha ndiyo usiseme. Mwanafunzi akiomba "masaa mawili", anamjibu, "Masaa ni mnyama gani? Saa. Saa mbili." Fomu za zamani, kwenye nafasi ya muda, ziliandikwa "masaa". Alizikusanya zote akafuta zile herufi mbili za mwanzo kwa wino mweupe, fomu moja baada ya nyingine, mpaka chuo kikachoka kuona madoa kikachapa mpya zenye "saa" tu. Jambo hilo alijivunia kuliko cheti chochote.

Nyumbani alikuwa shangazi tu. Aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka wa tatu huo, hasemi, ila anasikia kila neno. Na aliishi na binti wa wifi huyo, waliyemwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Kitinda alisoma chuo hicho hicho. Alikuwa amebakiza somo moja tu, Takwimu, ambalo alishalifeli mara moja. Akifaulu, digrii hii hapa. Akianguka tena, nje, na ada ya miaka minne imekwenda na maji.

Kitabu cha Takwimu kilikuwa kimoja, kinene kama tofali, mali ya mwalimu mwenyewe. Alikileta wiki ya kwanza ya muhula akiwa na haraka, maana alikuwa anasafiri kwenda kusoma nje na darasa amemwachia msaidizi wake. Akajaza fomu amesimama, mguu mmoja mlangoni. Kwenye nafasi ya muda akaandika: hadi saa mbili. Mama Saa Mbili akasoma, akaridhika, akabandika karatasi ya kawaida kwenye jalada: SAA MBILI, NDANI YA MAKTABA.

Sasa Kitinda saa mbili hizo angezitoa wapi? Asubuhi yuko darasani, Takwimu na mazoezi yake. Adhuhuri jirani anayemshika mama anaondoka kwenda shughuli zake, na Kitinda lazima awe amefika kumpokea: kumlisha, kumgeuza, kufua mashuka. Maktaba inafungwa saa kumi na mbili jioni. Hesabu hiyo shangazi aliijua vizuri, kwa sababu chungu kilichopikwa na Kitinda ndicho alichokula kila jioni.

"Shangazi," Kitinda alimwambia siku moja wakichambua mchele, "kile kitabu kinalala pale rafuni usiku kucha, hakisomwi na mtu. Si ukitie kwenye mkoba wako ukifunga, asubuhi ukirudishe? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ni usiku mmoja tu. Sura mbili."

"Fomu imesema saa mbili. Na wewe ni wa kwangu. Nikikupa wewe, kesho nimwambie nini mtoto wa mwenzangu?"

Hapo palikuwa na donda. Miaka miwili nyuma alimripoti kijana mmoja aliyetoka na kitabu cha Akiba chini ya shati, na kijana akafukuzwa. Mama yake alikuja akapiga magoti mbele ya kaunta, mbele za watu. Mama Saa Mbili alimwambia sheria ni sheria. Yule mama alipoinuka alisema, "Mkuki kwa nguruwe," akaishia hapo, nusu nyingine akamwachia aimalizie mwenyewe. Tangu siku ile alikula kiapo kwamba mkuki ukimfika mtu wake, hatalia.

Ukamfika. Jumatatu moja, akihesabu vitabu kabla ya kufunga, alikuta pengo rafuni. Kwenye kisanduku cha vitambulisho kilibaki kimoja, na uso uliokuwa ukimtazama kutoka mle ulikuwa na pua ya kaka yake. Msaidizi wa kaunta ndiye aliyemhudumia Kitinda adhuhuri ile, wakati shangazi yuko kwenye chakula. Mlangoni palikuwa na msongamano wa darasa lililotoka, mlinzi hakuona kitu.

Alimkuta nyumbani kando ya kitanda cha mama yake, kitabu kimefunuliwa juu ya shuka, anayanakili mahesabu kwa mkono kwenye daftari. Shangazi aliingia chumbani kwake akajifungia, wala hakula.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, maktaba haijafunguliwa, Kitinda alikuwa kwenye ngazi na kitabu amekifunga kwa kanga safi.

"Hiki hapa, Shangazi. Hata ukurasa haujakunjika. Naomba unisamehe."

Mama Saa Mbili alikipokea, akakikagua ukurasa kwa ukurasa, akakirudisha rafuni. Halafu akaketi akaandika ripoti. Aliandika kwa mwandiko mzuri: kwamba kitabu kiliazimwa kwa muda wa saa mbili, kwamba kimetolewa nje ya maktaba, kwamba mhusika ni mtoto wa marehemu kaka yangu na naomba asipewe upendeleo wowote. Hakufuta hata neno moja. Ee Mungu, afadhali angefuta!

Kamati ya nidhamu ilikaa nusu saa. Kitinda aliwauliza swali moja: mwizi gani anaacha kitambulisho chake kaunta? Wakamjibu kwamba kitabu cha Akiba kikivuka mlango ni wizi, na muda uliotajwa kwenye ripoti uko wazi. Wakamfukuza. Waliona pia vyema kumwandikia shangazi barua ya pongezi, na mkuu wa maktaba akaisoma mbele ya wafanyakazi wote. Walimpigia makofi. Alishukuru, akaenda msalani, akakaa humo muda mrefu.

Barua ya Kitinda ilisema ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Alianza kuandika. Shangazi akamwambia, "Ukikosa, kubali. Usituaibishe mara mbili." Kitinda akaichana karatasi taratibu, vipande akavitia kwenye jiko.

Muhula ukaisha. Mwalimu wa Takwimu akarudi safari, amenenepa kidogo, akaja kaunta kuchukua kitabu chake. Akaiona ile karatasi ya jaladani.

"Saa mbili ndani ya maktaba? Nani kasema?"

"Wewe, mwalimu. Fomu yako hii." Akaivuta kwenye faili, akamwekea kidole. "Hadi saa mbili."

"Ndiyo. Hadi saa mbili asubuhi!" Mwalimu alicheka, akidhani ni mzaha. "Mama, kitabu cha kurasa mia sita, mtu atakisoma kwa masaa mawili? Nilitaka walale nacho kwa zamu. Anachukua mchana au jioni, anarudisha kesho yake saa mbili mnapofungua. Ndiyo maana nikasema hadi. Msaidizi wangu hakukwambia?"

"Hakufika hapa hata siku moja."

"Basi kosa ni langu, ningeandika asubuhi. Lakini na fomu yenu nayo! Zamani si ilikuwa na neno masaa pale? Mtu alikuwa anajua anaulizwa urefu wa muda, si saa ya kurudisha."

Mama Saa Mbili alivua miwani. Aliisoma fomu bila miwani, akaisoma na miwani, na kila alivyoisoma ilisema yote mawili. Maneno matatu. Miaka ishirini na mitatu anawasuta watoto wa watu kuhusu neno hilo, na siku lilipokuwa na sura mbili yeye akaona moja. Saa moja na nusu asubuhi! Mtoto alikuwa amewahi. Alikuwa amebakiza nusu saa nzima.

"Kuna aliyepata shida?" mwalimu akauliza, kicheko kimemwisha.

"Yupo mmoja."

"Nani?"

"Wa kwangu," akasema.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliandika barua pale pale kaunta, kwamba kitabu ni chake, kwamba aliruhusu kilale nje, kwamba binti hakuvunja sharti lolote. Mama Saa Mbili aliichukua pamoja na fomu, akafunga kaunta saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku aliyofiwa na kaka yake, akapanda kwenye ofisi ya msajili.

Karani wa msajili aliisoma barua mara mbili. Akafungua jalada, akahesabu kwa vidole kwenye kalenda.

"Siku za rufaa zimepita. Zimepita tisa."

"Lakini hakukosa. Mwenye kitabu amesema."

"Nimeona, mama. Ila rufaa angeileta ndani ya muda. Kwa nini hakuleta?"

"Nilimkataza."

Karani akamtazama kama anayetazama mgonjwa. "Anaweza kuomba upya, aanze mwaka wa kwanza. Nafasi zikiwapo."

"Basi niadhibuni mimi. Ripoti niliandika mimi."

"Wewe una pongezi humu ndani," karani akasema, na akamwonyesha nakala.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kitinda alikuwa anambadilishia mama shuka. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka kitandani, na chumba kilinuka sabuni. Shangazi alisimama mlangoni akasema yote bila kuficha: fomu, asubuhi, barua ya mwalimu, siku tisa. Alisema, "Nimekuponza, mwanangu. Sikusoma vizuri."

Kitinda hakupaza sauti. Alikunja shuka chafu, akaliweka ndooni, akajifuta mikono.

"Shangazi, nikuulize kitu. Ungesoma vizuri. Ungejua tangu siku ya kwanza kwamba kinaruhusiwa kulala nje. Ningekipata?"

Shangazi alifungua kinywa aseme ndiyo. Wifi yake pale kitandani alikuwa amemkazia jicho lake moja zima, anasubiri. Akaiona ile foleni: watoto wa watu mbele, mmoja mmoja na jioni yake, na Kitinda nyuma kabisa, anaambiwa ngoja, wiki ijayo, watu wasije wakasema. Na wiki ijayo anaambiwa ngoja tena, mpaka mtihani.

"Hapana," akasema.

"Haya. Basi usijisumbue na mambo ya fomu." Kitinda alipitisha mikono chini ya mabega ya mama yake. "Nishikie miguu, tumgeuze."