Mpira wa Mfuniko

Mume wangu alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akiingia uani kwa mtu, anainama, anasikiliza bomba, kisha anatangaza, "Hapa panavuja," na mwenye nyumba akibisha anaonyeshwa tone kwa kidole. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mita mpaka leo, ingawa amestaafu na hana tena mita ya kusoma. Lakini mwambie kwamba gari lake linavuja. Jaribu tu. Atakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Gari lenyewe ni kuukuu, limeizidi ndoa yetu umri, na analipenda kuliko anavyopenda kitu chochote kinachoweza kumjibu. Kuvuja kwake si siri. Tangi likijazwa hadi juu, kisha gari likakata kona ya kulia, petroli inachuruzika kwenye mfuniko wa tangi, inateremka ubavuni, na sisi tuliomo ndani tunakula harufu. Nimefua mitandio mara mbilimbili kwa ajili ya mfuniko ule. Nilisema hadi nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi Jumatano binti yetu akajifungua mtoto wa kike, salama salimini. Mume wake alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo akiruhusiwa Jumamosi angekuja kupumzika kwetu. Kabla sijakata simu Mita alikuwa ameshachukua ndoo kwenda kuosha gari. Binti huyu mwenyewe alipokuwa kichanga alitolewa hospitali kwa gari hilohilo, na sasa babu mtu alitaka kumleta mjukuu vivyo hivyo. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Jioni binti akapiga tena, sauti ya chini. "Mama, tafadhali, mwambie baba asije na lile gari. Nitachukua teksi. Mtoto wa siku tatu nimtie ndani ya petroli?"

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi, Mama. Mwambie wewe."

Mzigo ukanishukia mimi, kama kawaida. Nilimwambia akiwa anakunywa chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini hakugomba. Alishusha kikombe, akasema, "Na nikiliziba je?"

Nikampigia binti, tukakubaliana. Mimi nitalinusa gari. Nikiapa kwamba halinuki, atapanda. Likinuka, teksi.

Alhamisi Mita alikata duara kwenye mpira wa ndani wa tairi, akaupachika chini ya mfuniko, akajipongeza. Kufika Ijumaa asubuhi petroli ilikuwa imeshauharibu. Ulivimba kama mkate uliotiwa hamira kupita kiasi, na mfuniko haukufunga kabisa. Akanituma mimi dukani kwa kuwa mikono yake ilikuwa michafu.

"Sema unataka mpira wa mfuniko. Watajua."

Watajua! Katika lugha hii yetu mpira unachezwa uwanjani, mpira unamwagilia bustani, mpira unafungia mabunda, halafu mtu anakutuma "mpira wa mfuniko" bila kusema mfuniko wa nini. Muuza duka hakusita hata kidogo. Alinyoosha mkono kwenye rafu akanipa duara safi la kijivu, nami nikalileta nyumbani nikitembea kama mtu aliyefanya kazi.

Mita alilitazama. "Huu ni wa sufuria ya presha."

"Kwani sufuria haina mfuniko?"

"Mke wangu, mimi nachemsha maharage kwenye tangi?"

"Si ungesema tangi!"

"Kila mtu anajua ni tangi!"

"Kila mtu nani? Dukani tulikuwa wawili, na sote wawili hatukujua."

Akaenda mwenyewe, amenuna, akarudi na mpira mweusi mgumu usioogopa petroli. Huo ulikaa vizuri, nakiri. Akajaza tangi hadi juu, tukaanza kulitikisa gari mimi na yeye, watu wazima na akili zetu, jirani akichungulia dirishani. Pembeni pakavu. Lakini katikati ya mfuniko palikuwa na tundu dogo kama la sindano, na kwenye tundu hilo likatokeza tone.

"Hapa panavuja," alisema, kwa sauti ileile ya kazini, na akaenda kutafuta gundi ya mabomba.

"Na kama waliotengeneza waliliweka kwa sababu?"

"Sababu gani? Tundu ni tundu."

Nikanyamaza. Najuta mpaka leo, maana mimi si mtu wa kunyamaza.

Jumamosi asubuhi nililizunguka gari nikinusa kama paka jikoni. Hakuna kitu. Nikampigia binti, nikaapa.

Hatukufika hata nusu ya njia, gari likazima. Mita akafungua boneti, akatoa plagi, akazifuta, akazirudisha. Likawaka. Tukaenda kidogo, likazima tena, safari hii kwenye mzunguko wa barabara, na honi nyuma yetu zikaanza kututukana. Binti akapiga simu. Kitanda chake kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, naye alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini na mtoto.

"Mnakaribia?"

"Tunakaribia," nikasema, uongo mtupu.

Nilishuka kwa hasira niangalie kama kweli mle ndani mna mafuta. Nilipozungusha mfuniko, tangi likavuta hewa, fyuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyezamishwa majini.

"Hebu washa!"

Likawaka papo hapo.

"Umeliziba pua," nikamwambia. "Mafuta yakipungua, hewa iingilie wapi?"

"Tangi halina pua."

"Wala wewe huna masikio! Halafu hili gari linavuja likijaa tu. Miaka yote hii, kwa nini hukuwahi kutia nusu?"

"Napenda likijaa," akasema. Karibu nilie, si kwa huzuni.

Akashuka, akauchukua mfuniko kiganjani. Nilijua anapima nini. Akiacha tundu limezibwa, gari halitanuka, lakini linaweza kuzima popote, na mtoto wa siku tatu ndani yake, juani. Akilizibua, ahadi imekwisha.

"Liache," nikamwambia, maana nilimwona uso wake. "Tutakuwa tunasimama na kufungua."

"Nipe pini ya mtandio wako," akasema.

Alichokoa mpaka gundi yote ikatoka. Kona ya kwanza ya kulia, harufu ikaingia kama mwenye nyumba.

Binti tulimkuta mlangoni pa hospitali, mtoto kifuani, na dereva wa teksi ameshashika begi lake. Mita aliegesha mbali, upande wa pili wa kiwanja, tukatembea. Alisimama mbele ya binti yake mikono nyuma, hakuomba hata kumshika mtoto.

"Mwanangu," nikaanza, "wallahi asubuhi lilikuwa hali..."

"Linavuja," Mita akanikatiza. "Panda teksi."

Tangu anioe sikuwa nimemsikia akilitamka neno hilo juu ya kitu chake mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi ya njia nzima, na yote nikayasamehe. Nilimwonea huruma.

Binti alimtazama baba yake, akalitazama gari kule lilikojitenga. Kisha akaniwekea mtoto mikononi na kumfunika vizuri kichwani.

"Mama, wewe na mjukuu wako pandeni teksi," akasema. Akamshika baba yake mkono, akaanza kutembea taratibu, akiwa bado na maumivu. "Mimi naenda na Baba. Lakini madirisha yote unafungua, umesikia?"