Mwandishi wa Taarifa za Bunge la Likizo

Kwa miaka thelathini na mmoja aliandika maneno ya watu wengine. Alikaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika, mgongo wima, penseli mkononi, na kila lililosemwa bungeni lilipita kwake kabla halijawa kumbukumbu. Aliandika kwa hati mkato, ile michirizi na vialama ambavyo asiyevijua atadhani sisimizi wamepita wakiwa na wino miguuni. Baadaye zikaja mashine za kunasa sauti, lakini wakubwa wakambakiza, kwa sababu mashine haioni aliyeitikia kwa kichwa, wala haijui nani kamkatiza nani. Wenzake walimwita Bi Nukta. Waheshimiwa wengi hawakuwa na mazoea ya kumaliza sentensi, na yeye ndiye aliyewamalizia.

Alipostaafu alikaa nyumbani miaka minne na mumewe, fundi redio ambaye naye alikuwa amestaafu lakini hajakubali. Chumba chao cha mbele kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na nyingine zilikuwa za watu waliokwisha kununua mpya na kuzisahau. Mumewe ndiye aliyegundua kwamba mkewe bado yuko kazini. Asubuhi moja, akikoroga chai, alimwambia, "Jana usiku ukiwa usingizini umeniandika mgongoni ukurasa mzima."

"Nimeandika nini?"

"Nitajuaje? Mgongo haujui kusoma. Ila mwisho uliweka nukta. Hiyo niliisikia."

Bi Nukta alicheka, kisha akavitazama vidole vyake kwa muda. Vilimtia huruma kidogo, kama watoto ambao rafiki zao wote wamehama mtaa.

Mwaka huo, likizo ndefu ilipoanza, alijiwa na mhadhiri wa sayansi ya siasa kutoka chuo kikuu, mwanamke wa makamo mwenye faili kwapani. Alieleza kwamba kila likizo idara yao hupokea wanafunzi wa sekondari, thelathini na wawili, wanaotaka kuonja masomo hayo kabla hawajafika chuoni. Wanalala mabwenini kwa wiki nne. Asubuhi wanafundishwa dola ni nini, madaraka yanagawanywaje, na kwa nini watu wanakubali kutawaliwa. Mchana wanaendesha bunge la mfano. Bunge hilo lilikuwa na kila kitu isipokuwa mwandishi.

"Si kuna simu za kurekodi?" Bi Nukta akauliza.

"Zipo, Mama. Lakini mtu akimwona anayemwandika, anaongea tofauti."

Mumewe, aliyekuwa ameinamia redio yake, akasema bila kuinua kichwa, "Mchukue. Mgongo wangu upumzike."

Ukumbi waliopewa ulikuwa wa zamani, wa ngazi, madawati yake yamechorwa majina ya watu ambao sasa lazima wana wajukuu. Madirisha yalikuwa juu sana, na jua la mchana liliingia kwa mshazari likiwa limebeba vumbi lake taratibu, kama mtu asiye na haraka. Feni zilizunguka kivivu. Nje, chuo kizima kilikuwa kitupu. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za njia, na milango ya madarasa ilikuwa na kufuli. Bi Nukta aliona kama jengo lote limelala, na chumba hicho kimoja ndicho kinachoota ndoto.

Wanafunzi walijitungia nchi. Walibandika karatasi nne kubwa ukutani wakachora mto wa wino wa bluu na daraja lake, mlima, miji miwili na reli iliyopinda mahali ambapo mchoraji alipigwa kiwiko. Jina la nchi liliwashinda. Walibishana siku tatu, mpaka Spika wao, kijana mrefu ambaye sauti yake ilikuwa bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima, akaahirisha suala hilo kwa muda usiojulikana. Kila mmoja akapewa jimbo, na tangu hapo wakaitana kwa majimbo yao.

Mhadhiri alitaka taarifa ya neno kwa neno, bila kusafishwa. Basi kila asubuhi Bi Nukta alipiga chapa katika ofisi ya idara, na saa nne alibandika kurasa kwenye ubao nje ya ukumbi. Wanafunzi walisongamana kujisoma.

"Kumbe nimesema 'yaani' mara kumi na nne," alilalamika Mbunge wa Mlimani, kijana wa miwani aliyependa utani. "Bibi, hukuweza kunionea huruma hata mara nne?"

"Mheshimiwa, nilichoka kuhesabu. Huenda zilikuwa zaidi."

Kufikia wiki ya pili walikuwa wanaongea kwa sentensi fupi, na wengine walikuwa wanazimaliza.

Yeye naye, bila kutaka, alianza kuingia katika nchi yao. Akitembea kwenda nyumbani, mara alijikuta amepita maduka mawili bila kuyaona kwa sababu alikuwa anavuka daraja la Mtoni. Akijilaza mchana wa Jumapili, aliota anafuata ukingo wa ule mto wa wino wa bluu, na watu waliokuwa wamekaa kwenye milango yao walimsalimia kwa sauti za wanafunzi.

"Leo nimefika mpaka Mlimani," alimwambia mumewe alipoamka.

"Hali ya hewa ikoje huko?"

"Baridi kidogo."

"Ungebeba sweta," akasema mumewe, akarudi kwenye waya zake. Alikuwa ametumia maisha yake kusikiliza watu wasioonekana wakiongea ndani ya masanduku, na nchi ya aina hiyo haikumshangaza.

Wiki ya tatu uliletwa Muswada wa Bwawa. Mto uzuiwe, umeme upatikane, na watu wa ukingoni wahamishiwe nyumba mpya. Mwenye muswada alikuwa Mbunge wa Mlimani. Aliyetarajiwa kuupinga alikuwa Mbunge wa Mtoni, msichana mkimya ambaye kila siku alisoma hotuba yake kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, bila kuinua macho. Siku hiyo alisimama akaifungua, akaitazama, kisha akaikunja tena.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "wanasema watu watapewa nyumba. Nyumba si tatizo. Baba yangu alipohamishwa alipewa nyumba nzuri, ya bati jipya. Alikaa kwenye kiti mlangoni mwaka mzima. Alikuwa anatazama upande ambao hakukuwa na kitu. Akiitwa kula anasema nakuja, na haji."

Akakaa. Bi Nukta aliandika neno ambalo waandishi wa taarifa huliweka ndani ya mabano, Kimya, na mkono wake ukabaki juu ya karatasi.

Kesho yake asubuhi alimkuta msichana yule amesimama mlangoni mwa ofisi ya idara.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, Mheshimiwa. Mbona mapema?"

"Nimekuja kuomba uyatoe yale maneno. Ya baba." Alikuwa anavuta mkono wa sweta mpaka umefunika vidole. "Sikupanga kuyasema. Yakibandikwa ukutani watu watayasoma. Na yeye mwenyewe hajawahi kumwambia mtu."

Ukurasa ulikuwa tayari kwenye kompyuta. Kuyafuta lilikuwa jambo la kubonyeza kidole, na kidole kilikuwa karibu. Bi Nukta akakumbuka kosa lake.

Miaka mingi nyuma, mbunge mmoja mzee, mtu wa maneno makavu, alisimama kuchangia hoja ya barabara, akajikuta anamtaja binti yake aliyefia njiani akipelekwa hospitali. Sauti ikamkatika mbele ya watu wote. Bi Nukta alimwonea huruma. Alipokuwa akipiga chapa aliruka sentensi tatu, akaunganisha ya kabla na ya baada, vizuri, hata mshono usionekane. Siku iliyofuata yule mzee alishuka ofisini, akaomba taarifa, akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akauliza kwa upole, "Kwani sikusema?" Bi Nukta alijibu kwamba maneno yaliipita penseli yake. Mzee akaitikia, akarudisha karatasi kwa mikono miwili, akaondoka. Hilo Bi Nukta hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe.

"Kaa," alimwambia msichana. "Mimi siwezi kuyafuta. Wala siwezi kukukatalia. Ukishayasema pale ndani si yangu, na si yako peke yako. Ni ya Bunge. Ukitaka yatoke, liombe Bunge."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Unasimama, unasema, kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Halafu unaeleza unachotaka. Huhitaji kueleza sababu."

"Basi bora yabaki tu."

"Usiamulie hapa mlangoni kwangu. Leo sitabandika kitu. Una mpaka saa nane mchana."

Ubao ulikaa mtupu asubuhi nzima. Wanafunzi walipita wakiutazama, na hakuna aliyeuliza. Saa nane walipoingia ukumbini, jua lilikuwa limefika kwenye safu ya tatu ya madawati, na Mbunge wa Mtoni alikuwa amekaa katikati yake, macho ameyafinya. Spika alipogonga meza, msichana alisimama.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Naomba maneno yangu ya jana kuhusu baba yangu yaondolewe kwenye kumbukumbu."

Spika akamtafuta mhadhiri kwa macho. Mhadhiri alikuwa nyuma kabisa, anatazama dirisha, na alionekana ameamua kuendelea kulitazama. Spika akajikohoza, akaruhusu mjadala. Mmoja alisema baba ni wa kwake, maneno ni ya kwake, kuna nini cha kujadili. Mwingine akasema wote waliyasikia, na kufuta karatasi hakufuti masikio. Kisha Mbunge wa Mlimani akanyanyuka, safari hii bila utani.

"Mimi ndiye mwenye muswada. Maneno yale yamenikosesha usingizi. Yakifutwa nitalala vizuri, lakini nisingependa kulala kwa namna hiyo. Hata hivyo, baba si wangu. Nitakubali atakavyotaka mwenyewe."

"Yatoke maneno mawili tu," alisema msichana. "Baba yangu. Mengine yabaki."

Mikono ikanyanyuliwa. Ilikuwa yote isipokuwa miwili. Spika, ambaye labda aliwahi kusoma mahali jinsi mambo hayo yanavyofanywa, au labda alibuni tu, akasema, "Mwandishi asomee Bunge sentensi ilivyo sasa."

Bi Nukta hakuelewa mara moja kwamba anayetajwa ni yeye. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa chini ya kiti cha Spika, na sauti yake haikuwahi kusikika ndani ya ukumbi, hata kwa kikohozi. Alisimama. Akaliegemeza daftari kwenye ukingo wa meza. Alikata yale maneno mawili kwa mstari mmoja, akasoma.

"Alipohamishwa alipewa nyumba nzuri, ya bati jipya. Alikaa kwenye kiti mlangoni mwaka mzima. Alikuwa anatazama upande ambao hakukuwa na kitu. Akiitwa kula anasema nakuja, na haji."

Sentensi haikuanguka. Alikuwa anaogopa kwamba ikikatwa kichwa itabaki inayumba, kumbe kitenzi kilikuwa kimembeba mtu wake tayari, bila kusema ni nani. Angeweza kuwa baba wa yeyote, mama, shangazi. Bi Nukta alipoinua macho aliona kwamba kila mtu ukumbini alikuwa amemweka mtu wake kwenye kile kiti. Yeye alimweka yule mbunge mzee wa barabara. Alimwona amekaa katika nyumba moja ya ukingoni, upande wa kushoto wa daraja, mto wa bluu ukipita mbele yake bila sauti, naye hana tena haja ya kuuliza kitu.

Jioni hiyo, wakiwa wamekaa kibarazani, alimsimulia mumewe zile sentensi tatu alizoziruka. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Unazikumbuka?"

"Zote."

"Ziseme basi."

Akazisema. Mumewe akaiweka bisibisi chini, na wakakaa hivyo mpaka rangi ya mtaa ilipogeuka.

Muswada wa Bwawa ulipita Ijumaa kwa tofauti ya kura tatu. Lakini ulipita ukiwa na kifungu kilichoongezwa na mwenye muswada mwenyewe, kwamba kabla kaya yoyote haijahamishwa iulizwe huwa inatazama nini kutoka mlangoni pake. Mhadhiri aliwaambia kwamba hakuna sheria duniani inayoandikwa hivyo. Walimsikiliza kwa heshima na wakakiacha kifungu palepale. Mbunge wa Mtoni alipiga kura ya hapana, akaenda kumpa mkono Mbunge wa Mlimani, na huyo akapatwa na kigugumizi na kusema yaani, yaani, mara mbili.

Siku ya kufunga, wazazi na ndugu walijaa uwanjani na mizigo. Msichana alikuja kuchukuliwa na mama yake mdogo, mwanamke mwenye haraka, aliyekuwa tayari ameshika begi. Alimwomba asubiri kidogo, akapanda ngazi mpaka ofisini.

"Bibi, naweza kupata ule ukurasa? Nakala mbili."

"Moja yako. Na nyingine?"

"Ya nyumbani."

Bi Nukta alizitoa mashineni zikiwa bado zina joto, akazikunja zote mbili mara moja tu, ili zisije zikapata mikunjo mingi, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Dirishani alimwona msichana akivuka uwanja nyuma ya mama yake mdogo, bahasha ameishika kifuani kwa mikono miwili.

Kabla chuo hakijafunguliwa, mhadhiri alimpigia simu kuuliza kama angekubali kufundisha hati mkato Jumamosi, kwani watu kadhaa walikuwa wameomba. Jumamosi ya kwanza walikuja watano, Spika akiwemo, na mhadhiri mwenyewe akakaa dawati la mbele na penseli mpya. Bi Nukta alishika chaki, akachora ubaoni mstari mmoja mwepesi, uliopinda kidogo mwishoni.

"Hii ni sauti ya N," alisema. "Msiibonyeze. Iacheni ipite tu."