Mkwe Aliyepiga Hodi Kwake

Kwamboka alipoomba likizo ya wiki mbili, sisi tunaofanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Great Barr tulijua anakwenda kumfuata binti yake, Brigid. Mwenyewe hakuficha. "Milka," aliniambia tukikunja mashuka, "nakwenda kumchukua mtoto wangu. Nitarudi naye na mjukuu, na huyo Mmeru abaki na maji yake."

Huyo Mmeru ni Mugambi, mume wa Brigid. Walioana hapa Birmingham, kanisani kwetu, pilau nikapika mimi. Kisha Brigid, ambaye ni nesi, akapata kazi kaskazini mwa Australia, kwenye mji mdogo ulio mbali na kila kitu, uliozungukwa na mto, ziwa na mifereji ya kumwagilia mashamba ya maembe. Mugambi akaajiriwa kufungua na kufunga milango ya mifereji hiyo. Mwaka huu Brigid alijifungua kwa upasuaji, na kila Kwamboka alipopiga simu, binti alikuwa analia. Mama gani angekaa kimya? Mimi ningeondoka siku hiyo hiyo, na likizo nisingeomba.

Tatizo ni kwamba Kwamboka ni Mkisii wa kizamani. Miaka kumi na tisa ya kuishi hapa Birmingham, mtaa wa Perry Barr, haijampunguzia hata chembe ya adabu za kwao. Mkwe hasalimiwi kwa mkono, na mama mkwe halali chini ya paa lake. Nilimuuliza basi atalala wapi, akasema miji yote ina hoteli.

Alipanda ndege tatu, ya mwisho ndogo kiasi kwamba aliulizwa uzito wake mbele za watu. Jambo hilo hajalisahau. Alipofika, joto lilikuwa la kutoa jasho hadi kwenye kope, na ulikuwa msimu wa watalii, vyumba vyote vimejaa watu waliokuja kuvua samaki kwa kujifurahisha. Kwamboka akaketi kibarazani kwa binti yake, mkoba mapajani, akakataa kuingia ndani.

Mugambi alitoka akasimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyotakiwa. "Mama," akasema, "mwenzangu wa kazini ana mashua yenye kitanda, imefungwa pale ziwani."

"Mimi nikalale majini na mamba?" Huyu ni mwanamke ambaye hapa Birmingham huzunguka mtaa mzima ili asipite kando ya mfereji.

"Si wewe, mama. Mimi ndiye nitakayelala huko. Nguo zangu nimeshatoa. Mpaka siku utakayoondoka, hii ni nyumba ya Brigid."

Basi Kwamboka akaingia. Akampakata mjukuu, akapika uji, akamkanda Brigid mgongo kwa maji ya moto. Na kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni, Mugambi alisimama nje ya mlango, akapiga hodi na kungoja. Hata akitaka soksi alizosahau ndani, alipiga hodi. Brigid akimjibu, haingii. Alingoja sauti ya mama. Kisha angekaa kibarazani na mtoto kifuani, akimwimbia kwa Kimeru, mikono imejaa alama za mbu.

Siku ya nane Brigid alimpeleka mama yake ziwani kuiona mashua. Kwamboka hakupanda, adabu haikumruhusu, na woga pia. Kutoka ukingoni aliona godoro la kumtosha mtoto wa darasa la tatu, na Mugambi ni mtu wa kuinama milangoni. Neti ilikuwa imetoboka. Moyo ulimuuma, na anakiri hakupenda kabisa umuume kwa ajili ya mtu huyo.

"Brigid," akauliza, "kwenye simu ulikuwa unalia nini?"

"Nilikuwa nakumiss wewe, Mum. Si yeye. Yeye ndiye alikuwa ananipangusa machozi." "But ukisema twende, nita-pack. I mean it. Nimechoka kuwa mbali na wewe."

Neno alilolivukia nusu ya dunia, amepewa hata bila kubembeleza. Angesema twende, basi. Badala yake, siku ile na zile zilizofuata, alifua nguo za mtoto, akazifua tena zikiwa safi.

Asubuhi ya mwisho alimkuta Brigid amefungua sanduku kitandani, analitazama tu. Mara hodi ikasikika. Mugambi alijua yote, kwa sababu Brigid hamfichi kitu, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. Lakini hakuingia. Alisimama nje, kofia mkononi, akingoja ruhusa ya mwanamke aliyekuja kumvunjia nyumba.

Kwamboka akalifunga sanduku, akalirudisha juu ya kabati. "Karibu, mwanangu," akasema. "Ingia kwako."

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege, akatoka peke yake. Alilia garini kutoka kule hadi Perry Barr, nami sikumkataza, maana nilikuwa nalia pia. Tulipofika karibu na stesheni akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Alikuwa tayari kuja, Milka. Ningemleta," akasema. "Lakini ningempatia wapi mwanamume mwingine wa kusimama nje ya nyumba yake, kwa sababu mama mkwe yuko ndani?"