Mwenye Kifafa Anyooshe Mkono

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili za maswali ya afya, na kila aliyetaka kushuka ziwani na mtungi wa hewa mgongoni alipaswa kuijaza mwenyewe. Kazi yangu pale ufukweni Musoma ilikuwa kugawa fomu na kuzikusanya, kisha kuingia majini na wageni kumsaidia mkufunzi. Mimi nikaona kugawa ni kupoteza muda. Nimekulia Suguti, kwenye mikutano ya kijiji ambako mambo yanaamuliwa kwa kunyoosha mikono, basi nikawa nasimama juu ya jiwe na kutafsiri kwa sauti: mwenye presha? Mwenye pumu? Mwenye kifafa? Mikono isipoonekana, naweka "hapana" fomu zote, wanatia sahihi, twende. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi moja walikuja walimu sita wa shule moja ya Butiama, kujipongeza baada ya mitihani. Niliwasomea. Kwenye swali la ujauzito walicheka, wakamsukuma mwenzao mwenye kitambi anyooshe mkono. Hakunyoosha yeye wala mwingine yeyote.

Wengine walipokuwa wanavaa nguo za kuzamia, mwalimu mmoja wa kike alinifuata nyuma ya kibanda cha mitungi.

"Kaka, lile swali la kifafa. Mimi nakunywaga dawa tangu niko darasa la tano. Sijaanguka miaka mingi, lakini ninacho. Pale shuleni hakuna anayejua, naomba unifichie. Nishuke?"

"Usishuke, madamu. Sema una mafua, mwenye mafua hashukagi. Mkufunzi nitamwambia mimi, pembeni."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru.

Ningemfuata mkufunzi palepale, yasingetokea. Nikajishughulisha na mitungi, nikasahau. Nilipokumbuka, boti ilikuwa imeshawashwa na mkufunzi anamwita yule dada apande, eti mafua madogo si kitu. Yeye anakataa, wenzake wanamvuta kwa utani. Nikapatwa na hofu. Nikapaza sauti kushinda injini:

"Mwacheni! Ana kifafa!"

Kumbe mkufunzi aliponiona nakuja alikuwa ameshazima injini ili anisikie, na sauti yangu ikawafikia wote.

Mwalimu aliyekuwa anachangia chupa ya soda na yule dada aliitazama ile chupa, akaiweka chini taratibu. Yule dada alivaa viatu vyake na kuondoka peke yake kuelekea stendi. Hakunitazama.

Mkufunzi alinisifu kuwa nimeokoa maisha ya mtu. Sikuona nilichookoa. Alikuwa ameshaamua kutoshuka, na alikuwa ameniomba jambo moja tu, nimfichie.

Wiki tatu nilikosa raha. Mwishowe nikapanda gari hadi Butiama kumwomba radhi. Nilimkuta ofisi ya walimu, yuko peke yake anasahihisha madaftari. Vikombe vya chai vilikuwa kwenye sinia, isipokuwa kimoja kilichowekwa dirishani, kwenye kishikio kimefungwa uzi mwekundu. Aliona ninapoangalia.

"Hicho ni changu," akasema. "Wanaogopa kuchanganya."

Akaniambia ameomba uhamisho kwenda Kibara. Mzazi mmoja alikuwa ameshamtoa mtoto darasani kwake. Nilimwomba msamaha. Nilijichukia.

"Kaka, kwa kusema sikulaumu sana. Uliogopa nitakufa. Lakini ungenipa karatasi yangu, ningeandika 'ndiyo', nikakurudishia, basi. Wewe ulitaka ninyooshe mkono mbele ya watu ninaokula nao."

Akafungua daftari lingine, kisha akauliza kama mtu anayetaka tu kubadili mazungumzo:

"Na wewe si unashukaga nao majini? Karatasi ya kwako uliandikaga nini?"

Nina pumu tangu utoto. Dawa ya kuvuta ilikuwa mfukoni mwangu saa ile ile, na mkufunzi hajui mpaka leo. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mlango umefungwa, na mbele yangu kulikuwa na mtu pekee ambaye asingeweza kunicheka.

"Mimi niko fiti, madamu," nikasema.

"Mshukuru Mungu," akaniambia, na alisema kwa moyo.